Ua la Karatasi Lisilotaka Maji

Tarehe 6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Kaka anakusomea hii ukiwa umekaa kwenye kiti chako, si umesimama mlangoni kama unavyopenda. Kaa, Baba.

Huku baridi imeanza. Asubuhi nikienda kazini pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa jiko, na pale maabara ya hospitali tunavaa masweta chini ya makoti meupe. Kutwa natazama damu za watu kwa hadubini. Nikirudi macho yamechoka, lakini kabla sijavua viatu napita kwanza kwenye kibaraza cha vioo kulitazama ua la Mama.

Linaendelea vizuri. Kile kijitawi ulichonikatia pale ukutani siku naondoka, ukakifunga kwa kitambaa kibichi kama mguu wa mtu aliyeteguka, sasa ni mmea wenye mikono mirefu. Umeshika kamba nilizoufungia dirishani na unatambaa hadi kwenye dari. Mwenye nyumba wangu, yule ninayemwita Mama wa Funguo kwa sababu anasikika kabla hajaonekana, anasema hajawahi kuona mmea wa nchi ya joto ukijasiria baridi ya hapa.

Na Baba, limechanua. Si sana. Shada moja upande wa jua, karatasi zake ni nyembamba kama zile ulizokuwa unafutia brashi. Rangi ni ile ile.

Naumwagia maji asubuhi na jioni, tena ya vuguvugu ili mizizi isishtuke. Nauwekea samadi. Usiwe na wasiwasi, naulea kama mtoto mchanga.

Daktari wa macho amesemaje?

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 19 Mei

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kaka yako, kwa hiyo ukiona makosa ujue ni yake. (Amesema niandike hivyo hivyo. Kaka.)

Daktari amekubali. Mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia ameiva, wanamtoa mwanzoni mwa Julai. La kushoto baadaye, Mungu akipenda. Nesi ameniambia bandeji wanaifungua pale pale hospitali asubuhi ya pili. Nimemwambia afungue, apake dawa zake, halafu anifunge tena kitambaa, kwa sababu nimeshika giza muda mrefu na kitu cha kwanza kukiona vizuri sitaki kiwe sura yake. Amecheka lakini nadhani ameumia kidogo.

Nitafungua mwenyewe nyumbani, mbele ya ukuta. Nataka nianze na ua la mama yenu. Wewe unalo lako huko, mimi nina hili hapa. Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana? Yeye akisema ni rangi ya chai ya maziwa, mimi nasema ni tofali lililonyeshewa. Nimeandika mabango ya maduka maisha yangu yote, nimechanganya rangi za kila namna, ile sikuwahi kuipata kwenye kopo.

(Hapa Baba ameongea mengi kuhusu mmea wako, mambo unayoyajua. Nimefupisha: anasema uendelee vizuri kuutunza.)

Wifi yako anakusalimu. Vaa soksi.

Baba yako


Tarehe 27 Mei

Mdogo wangu,

Hii naiandikia karakanani, juu ya geti la mteja ambalo bado halijapoa. Unijibu kwa sanduku la posta la karakana, si la nyumbani. Na usipige simu. Siku hizi simu ya nyumbani inalala mfukoni mwa shati la Baba, na ujumbe ukiingia anamwita yeyote aliye karibu amsomee kwa sauti. Juzi amesomewa hadi ujumbe wa mapenzi uliokosea namba, akataka ajibiwe yule kijana kwa heshima. Katika nyumba yetu kitu pekee ambacho Baba hawezi kukisikia ni karatasi.

Niseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitaacha.

Ua la Mama ukutani halipo. Nililikata mimi, mwaka jana, Baba alipokwenda kukaa kwa Shangazi. Nilitaka kupanua mlango wa uani ili gari la nondo liingie, niweze kufanya kazi za usiku nyumbani. Mizizi ilikuwa imeshaupasua ukuta, na miiba ilikuwa inawachana wateja. Nilijiambia nitapogoa tu. Ukishika msumeno wa umeme, mdogo wangu, hupogoi. Jioni palikuwa na kisiki. Nikakimwagia oili chafu kisichipue, kwa sababu nilijua kikichipua nitakuwa nakiona kila siku. Wifi yako alininunia mpaka akasahau ananinunia kwa lipi.

Baba akarudi. Akakaa kwenye kiti chake, akageuza sikio. "Leo hakuna upepo?" akauliza. Ile sauti ya makaratasi yakikwaruza uani, unaikumbuka? Nikasema hakuna, Baba, kumetulia. Kesho yake akauliza tena. Upepo ukipotea siku mbili mtu ataanza kushangaa.

Basi tangu siku hiyo naenda kwenye uzio wa shule ya msingi, pale palipo na maua ya karatasi ya zambarau, naokota yaliyokauka na kuyamwaga uani kwetu. Mtu mzima na ndevu zangu, nainama na mfuko wa plastiki. Mlinzi wa shule ananiita Bi Harusi. Baba akipita anayasikia chini ya viatu, anaokota moja, analipapasa, anatia mfukoni. Na anasema, "Mwaka huu mama yenu amejitahidi."

Sasa jicho linafunguliwa. Zambarau haitafaa.

Wewe unalo la rangi yenyewe, na limechanua. Nakuomba ulilete zima na chungu chake. Omba ruhusa kazini, sema una mgonjwa nyumbani, si uongo. Nitalipandisha ukutani, nitasema nililipogoa kidogo ili lipate nguvu.

Ukinikasirikia, nikasirikie baadaye.

Kaka yako


Tarehe 8 Juni

Kaka,

Barua yako nimeisoma kwenye korido ya maabara, nimeegemea jokofu la damu, na nilipofika kwenye oili nikairudia sentensi mara tatu. Kukata naweza kujaribu kuelewa. Hasira hukata, haraka hukata. Lakini ulikwenda kutafuta oili. Ulitembea, ukachukua kopo, ukarudi nalo. Katika hatua zote hizo hukumkumbuka mtu aliyelipanda?

Nimeandika hayo nikayaacha hapo, kwa sababu sina haki ya kuendelea. Sasa nisikilize wewe.

Sina ua.

Halijawahi kuchanua, Kaka. Hata siku moja. Lilikua kwa fujo, majani makubwa laini, mikono mirefu inayopapasa vioo usiku na mchana, kila mtu akisifia, na hakuna karatasi hata moja. Nikaongeza samadi. Nikaongeza maji. Mwezi wa tano majani yakaanza kuwa ya njano, nikadhani lina kiu, nikazidisha. Yakaanguka. Halafu alasiri moja nilifungua dirisha la kibaraza lipate hewa, nikaitwa kazini, nikasahau kulifunga. Asubuhi palikuwa na sakitu, umande ulioganda, kwenye kizingiti cha dirisha, nyeupe kama chumvi, na ncha zote zilikuwa nyeusi.

Sasa ni fimbo. Mama wa Funguo aliniuliza juzi kwa adabu kabisa kama nimeanza kuweka kuni ndani, maana mkataba hauruhusu.

Utauliza kwa nini nilimwandikia Baba limechanua. Nilianza na jani. Nilimwambia kwenye simu limetoa jani jipya, ilikuwa kweli, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya wakati Mama yupo. Mara ya pili akauliza, "Bado halijachanua?" akishusha sauti kama mtu anayeulizia mgonjwa. Nikaona barua ni rahisi kuliko simu. Kwenye barua huhitaji kusikia mtu anavyofurahi.

Kwa hiyo hilo ndilo tulilonalo. Wewe ulijiegemeza kwenye la kwangu, mimi nikajiegemeza kwenye la kwako. Nilikuwa najiambia: likifa hili, si mwisho wa dunia, mama mtu yupo ukutani nyumbani.

Kitu kimoja. Ile barua ya Baba, kwenye mabano uliandika ameongea mengi kuhusu mmea wangu, ukafupisha. Alisema nini? Niandikie yote unayoyakumbuka. Usinifupishie tena.

Kitinda


Tarehe 16 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima ndani ya ovaroli, imelowa jasho, maneno mengine yamefutika ila "sina ua" bado yanasomeka.

Nimeshapata njia. Pale kwenye bustani ya kuuza miche kuna ua la karatasi lililokwishakomaa, refu kunishinda, limejaa maua. Ni jekundu, hilo nakubali. Lakini daktari mwenyewe alisema rangi zitamchanganya mwanzoni, nyeupe itakuwa kama buluu, njano itakuwa kali. Nani atabisha? Tutasema, Baba, ni jicho linazoea. Akishazoea, ameshazoea na jekundu lake.

Uliyouliza. Nikwambie kwanza kwa nini sikuandika. Baba alipofika kwenye habari za mmea aligeuza uso kuelekea ukutani, kama anauona, akawa anaongea na ukuta. Mimi nimeshika kalamu, na mbele yake naona ukuta mtupu. Mkono ulikataa. Nikajiambia ni mzee anamkumbuka mkewe, hayo si ya kuandika.

Alisema hivi, au karibu na hivi: "Mwambie aache kuumwagia maji. Atauua kwa huruma. Mama yake alikuwa anaunyima mpaka majirani wanamsema. Ukiushibisha unaota majani na kiburi, ukiubana ndiyo unachanua. Na huko kwenye baridi auache ulale, udongo ukauke kabisa, chungu akisogeze mahali pasipofika sakitu. Utaacha majani yote utafanana na kuni. Asilie, asiutupe. Akwaruze gome kwa ukucha. Kama ndani ni kijani, upo."

Nilipomsomea ile sehemu yako ya maji ya vuguvugu asubuhi na jioni alishika kichwa. Na mimi nikaandika uendelee vizuri.

Basi. Hayo ndiyo niliyofupisha.

Operesheni ni tarehe 7 Julai.

Kaka


Tarehe 25 Juni

Kaka,

Ukaandika niendelee vizuri, nami nikaendelea. Wiki zote zile. Nilikuwa nachemsha maji kabla sijachemsha chai yangu.

Nitakueleza nilichofanya, kwa sababu nataka ukione. Nilirudi na barua yako mkononi, sikuvua hata koti. Nikaanza juu kabisa, nikakwaruza kwa ukucha. Kahawia, kavu kama njiti ya kiberiti. Nikashuka. Kahawia. Mama wa Funguo akaja na kikombe chake akasimama mlangoni. "Unamtafuta nani humo?" akauliza. Nikashuka tena. Kila nilipokwaruza nilikuwa naiona rangi ile ile iliyokufa, na nilianza kukuchukia, nakwambia ukweli, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayehesabu chembe za damu. Nikafika karibu na udongo, nimepiga magoti, na pale gome likafunguka na ndani palikuwa kijani. Kijani kibichi kama ndani ya ganda la njegere.

Urefu wake ni kidole, si zaidi. Nilipopindua chungu maji yalitoka yananuka. Nusu ya mizizi ilikuwa myeusi, inateleza mikononi kama tambi. Nimeikata yote iliyooza, nimeupanda kwenye chungu kidogo, udongo mkavu na mchanga, na Mama wa Funguo, ambaye hajawahi kunipa hata chumvi, akasema niuweke kwake nyuma ya ukuta wa jikoni ambako kuna joto. Akaongeza kuwa kuni zake mwenyewe ziko upande wa pili, nisichanganye.

Najua unachotaka kusema. Kama ni kijani, kata, leta. Sikati. Nikikata hicho kidole ili Baba apate cha kutazama siku moja, hakitabaki cha siku ya pili. Ndicho pekee kilichobaki cha Mama chenye uhai nje yetu sisi wawili, na sisi umeona tulivyo.

Na hilo jekundu usilipeleke. Kaka, Baba alikuwa mchora mabango! Umesahau alivyokurudisha dukani na kopo la rangi kwa sababu ya wekundu uliozidi kidogo? Atalitazama, atajua, na halafu atajiuliza kama jicho lake limeharibika au watoto wake. Unataka achague lipi?

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Baba. Msomee kabla hajaenda hospitali. Yote. Usiruke, usifupishe. Nimeandika habari zangu tu. Kuhusu ukuta sikugusa hata neno moja, kwa sababu hilo si langu kulisema. Nimekuachia nafasi.

Usipomsomea, siku ya tarehe 6 nitapiga simu, niombe aitoe mfukoni na kuiweka sikioni mwenyewe.

Kitinda


Tarehe 25 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Ua la Mama halijachanua huku. Nilikudanganya. Halikuchanua mwezi wa tano wala wakati mwingine wowote. Nililinywesha mpaka mizizi ikaoza, halafu nikaliacha dirisha wazi, baridi ikalichoma. Niliendelea kukuandikia habari njema kwa sababu nilipenda ulivyozipokea. Ulikuwa unafurahia kitu ambacho hakipo, na mimi nilikuwa nakipiga rangi.

Nimefanya ulivyosema. Nimekwaruza gome. Chini kabisa bado ni kijani, kidogo sana. Sasa nalinyima maji. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Kila nikipita mkono unaenda kwenye kikombe.

Sijui kama litaamka. Sitakwambia limeamka mpaka liamke.

Nakuombea operesheni njema. Ulichotaka kukiona siku ya kwanza sina uwezo wa kukuletea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 4 Julai

Kitinda,

Barua imefika juzi. Bado sijamsomea. Hii naituma kwa simu ya kijana wangu mmoja wa kazi, maana kwa posta haitakuwahi.

Jekundu limeshaletwa. Liko nyuma ya karakana, nimelifunika turubai. Vijana wangu wa kazi wanadhani ni zawadi ya wifi yako, na mmoja ameshamwambia, kwa hiyo na hilo nalo nina la kueleza.

Jana nilikaa mbele ya Baba nimeifungua bahasha. Akasema, "Soma." Nikamwambia kuna mteja ananisubiri. Saa ile ya jioni, mteja gani? Akasema sawa. Alikuwa ameshika ua moja kavu la shule, analigeuza geuza vidoleni.

Nimebakiwa na kesho na keshokutwa. Usipige simu. Nipe hizo siku. Nakuomba kama mdogo, si kama kaka.


Tarehe 24 Julai

Mwanangu Kitinda,

Marahaba mara mbili, kwa barua yako niliyosomewa na kwa hii yangu. Huu mwandiko ni wangu. Ukiona mistari inapanda mlima, ni jicho moja linajifunza kazi. Wifi yako amenitilia dawa na kunionya niandike kidogo kidogo, kwa hiyo hii nimeianza Jumatatu.

Nitakusimulia, kwa sababu kaka yako hatakusimulia.

Alinisomea barua yako siku ile kabla ya kwenda hospitali. Alisoma amesimama. Habari ya uongo wako niliposikia nilicheka kidogo, halafu nikakasirika, halafu nikawaza nilivyokuwa nakuuliza uliza kama askari. Akasoma mpaka pale unaposema linakuuma. Akasoma "Mwanao, Kitinda." Nikajua imekwisha, nikanyoosha mkono anipe niitunze.

Hakunipa. Aliendelea kusoma. "Na pia, Baba," akasema, kwa sauti ile ile ya kusoma, "ua la ukutani halipo. Kaka alilikata ulipokuwa kwa Shangazi. Alitaka gari liingie."

Mwanangu, nimemsikiliza kaka yako akisoma tangu yuko darasa la kwanza. Akisoma hukwama. Anakwama kwenye maneno marefu, anarudia, anakohoa. Sasa alikuwa hakwami. Na karatasi nilikuwa nimeshaisikia ikikunjwa. Alikuwa amesimama mbele yangu na barua iliyokunjwa mkononi, anasoma ambacho hukukiandika, habari za oili, habari za mfuko wa plastiki, habari za ua jekundu chini ya turubai. Mpaka mwisho. Halafu akamalizia, "Mwanao," na hakujua aweke jina gani.

Watu wanadhani kipofu anajua kila kitu. Wifi yako ameniambia, "Baba, wewe ulikuwa unajua, ila ulinyamaza tu." Sikujua. Alinidanganya vizuri, nilidanganyika vizuri. Nilikaa mwaka mzima kwenye kiti nikimshukuru mama yenu kwa maua ya shule ya msingi.

Nilimwambia atoke. Hospitali nilipelekwa na wifi yako, na kaka yako alibaki kwenye geti. Sitakuandikia kuwa nimemsamehe, maana tumesema sasa tunaandikiana yaliyopo. Tunakula meza moja. Ananipitishia chumvi.

Tuliporudi nilikuwa nimefungwa kitambaa kama nilivyotaka. Nikasema nipelekwe ukutani. Wifi yako akasema, "Baba, huko hakuna kitu." Nikamwambia twende huko huko kusiko na kitu. Nikafungua.

Kwanza mwanga ulinipiga kofi. Halafu nikaona chini, uani, maua ya zambarau yamemwagwa kila mahali, asubuhi ile ile yalikuwa yamemwagwa, sijui kwa nini alimwaga tena wakati ameshasema. Nadhani mkono ulizoea. Nilicheka mpaka jicho likauma. Halafu nikatazama juu.

Hujaona ulichokosa kwa kukaa mbali, kwa hiyo nikueleze. Ule ukuta tuliupaka chokaa mwaka ambao mama yenu alipanda. Pale jua lilipopiga miaka yote chokaa imefifia na kuwa ya kijivu. Pale mmea ulipolala, jua halikufika. Kaka yako alikata mmea, lakini hakuupaka ukuta rangi. Shina lipo, jeupe. Mikono yake yote ipo, mmoja umepita juu ya dirisha, mwingine umeteremka kama unatafuta bomba. Nimeandika mabango mengi, sijawahi kuchora kitu sawasawa namna ile. Nilisimama pale mpaka wifi yako akaniletea kiti.

Nimemkataza kaka yako asipake ukuta ule mpaka nitakapokufa, na hata nikifa aulize kwanza. Lile jekundu nimemwambia ampelekee mlinzi wa shule, Bi Harusi apeleke mahari. Amepeleka. Mlinzi amekataa kumwacha aondoke bila kupiga picha.

Sasa wewe. Kaka yako amenisomea na barua uliyomwandikia yeye. Ulifanya vyema kutokukata. Usiniletee kidole chako, sikihitaji mfukoni. Endelea kuunyima. Ukiona mkono unaenda kwenye kikombe, unywe mwenyewe. Jua la huko likianza kurudi, utoe nyuma ya jiko, usogeze kwenye vioo kidogo kidogo, mchana tu, na jioni urudishe. Utatoa majani kwanza. Usiniandikie majani. Utafikiri umechanua kabla haujachanua, kwa sababu karatasi zikianza huwa na rangi ya jani. Subiri. Na siku ukichanua kweli, usiniandikie ni rangi gani. Chai wala tofali, usiniambie. Andika neno moja, "njoo," na mimi nitakuja kuona mwenyewe.

Usipochanua, usiandike. Nitaelewa.

Vaa soksi.

Baba yako


Tarehe 2 Desemba

Baba,

Shikamoo.

Njoo. Kaka ndiye akulete.

Kitinda